Koili Tatu za Gitaa Moja

Mimi nasuka mota. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wakiingia bandani kwangu, hapa Kahama, humtafuta fundi nyuma yangu. Wakimkuta mume wangu amekaa kwenye benchi humsalimia yeye, humweleza jinsi mota ilivyotoa moshi na ilivyonguruma kabla ya kufa, naye huwaacha wamalize kila kitu ndipo ananyoosha kidole. "Fundi huyo hapo." Nimeshazoea. Mota wataiacha tu, maana kuanzia hapa mpaka njia ya Buzwagi sijamwona anayesuka mota ya karasha ikarudi kuponda mawe na kudumu kama zangu. Sijisifu. Waulizeni wenye makarasha.

Kazi hii nilifundishwa na baba yangu, aliyekuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba upande wa Kishapu. Msimu wa pamba ukiisha mashine zilizimwa, na mota zilizochoka zilifunguliwa moja moja. Baba alikuwa anakata waya uliokufa, anahesabu mizunguko, anapima unene, halafu anaiweka shaba yote kwenye mizani. Shaba uliyoitoa, alikuwa anasema, ndiyo shaba utakayoirudisha. Ukinunua waya kwa uzito uleule na unene uleule, mota haitakusumbua. Nimefuata utaratibu huo maisha yangu yote ya kazi na umenilisha mimi na watoto.

Jambo jingine alilonifundisha ni kutumia mita, kile kijisanduku chenye namba na nyaya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi. Waya hata uwe wa shaba safi namna gani, una ubishi wake. Umeme ukitaka kupita, waya unaukatalia kidogo. Vitabu vinaita ukinzani, na hupimwa kwa omu. Waya mfupi na mnene hubisha kidogo. Waya mrefu na mwembamba hubisha sana. Mota kubwa ya karasha, inayoweza kumkata mtu mkono, ukiipima inasoma omu chache tu, pengine moja na kitu. Ndiyo maana siku nilipopima koili ya gitaa kwa mara ya kwanza na mita ikaniandikia karibu omu elfu sita, nilidhani mita imeharibika.

Gitaa lenyewe ni la mume wangu. Anapiga solo kwenye kwaya ya kanisa letu, na alikuwa anapiga kabla hajanioa. Tulikutana Nyarugusu, kwenye makarasha, mimi nimepeleka mota niliyoisuka na yeye ndiye aliyekuwa anasimamia mashine. Mchana alikuwa mweupe kwa vumbi la mawe kuanzia kope mpaka viatu. Jioni aliogea kwenye ndoo, akatoa gitaa, na wachimbaji waliotoka duarani, kwenye mashimo yao ya dhahabu, wakaacha kubishana. Nilimpendea gitaa, na sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo Jumamosi moja alipokuja bandani akalilaza gitaa lake mezani kwangu, katikati ya mota zilizoungua, niliweka koleo chini kabla hajasema kitu.

"Limekufa," alisema. "Upande wa solo."

Gitaa la umeme lina vijisanduku chini ya nyuzi. Ndani ya kila kimoja mna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, koili inaunasa mtetemo ule na kuupeleka kwenye spika. La mume wangu lina koili mbili. Ya karibu na shingo ilikuwa nzima, ndiyo ile niliyoisoma omu elfu sita kasoro kidogo. Ya karibu na mkono wa kupigia, ile inayotoa sauti kali ya solo, mita haikusoma chochote. Nilipoifungua nikaona doa la kijani. Jasho la miaka mingi lilikuwa limeingia na kuula waya.

"Nitaisuka," nilimwambia.

"Isuke ukiweza. Ila kama nalo limekataa, basi. Nitaacha. Nitakaa nyuma na wazee niimbe besi."

Alisema kama anayezungumzia kuacha sukari kwenye chai. Lakini kwaya ilikuwa imealikwa Mhunze, kwenye sherehe ya mavuno, na Mhunze ni kwao. Mama yake mzazi angekaa benchi la mbele. Mtu hasemi ataacha gitaa wiki chache kabla ya kupiga mbele ya mama yake, isipokuwa kuna jambo. Sikuuliza jambo gani. Nilichosikia mimi ni kwamba gitaa likipona mume wangu atabaki kuwa mpigaji, na lisipopona sitalisikia tena nyumbani kwangu. Hilo la pili sikulikubali hata kidogo.

Nikaanza kama baba alivyonifundisha. Lakini waya ule haukuhesabika. Ulikuwa umeungana kwa kutu na kukatika kila nilipougusa, ukatoka vipande vipande, kama nywele kwenye kitana. Hesabu ya mizunguko ikashindikana. Ikabaki mizani, na mizani yangu ni ya kilo. Shaba yote ya koili ile haikuusogeza mshale.

Ukiwa Kahama huhitaji kwenda mbali kutafuta mizani ya vitu vidogo. Jirani yangu wa ukutani ni broka wa dhahabu, mzee wa Kiislamu aliyetoka Kondoa akiwa kijana na akasahau kurudi. Nikamwendea na shaba yangu kwenye kisahani cha chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mzigo?"

"Shaba, mzee. Unipimie."

Akavaa miwani. Akaitazama shaba, akanitazama mimi, akatazama mlangoni kama kuna anayetuona. "Shaba kwenye mizani ya dhahabu," alisema. "Mama, watu watasema nimefilisika." Lakini aliipima, tena kwa adabu ileile anayompa mchimbaji aliyekuja na punje zake kwenye karatasi. Gramu thelathini, na pointi zake. "Na hii mizani yangu," akaongeza, "haijawahi kumwongopea mtu."

Kweli haikuniongopea. Niliagiza waya kutoka Mwanza, nikamweleza muuzaji unene kwa kumpelekea kipande cha ule wa zamani, naye akaniletea kibobini akisema ni uleule. Niliuvuta kati ya vidole vyangu, na vidole hivi vinajua nyaya. Nikaona ni uleule. Hapa kwetu mtu akishapima kitu kwenye mizani ya dhahabu mabishano yameisha. Watu wameuza ng'ombe na kununua nyumba kwa kuuamini mshale ule. Na mimi nikaamini. Nilisuka mpaka zikatimia gramu thelathini na pointi zake, mzee wa Kondoa akahakikisha, tukapeana mkono.

Nikaipima koili kwa mita. Ikasoma zaidi ya omu elfu kumi na nne.

Nilikaa chini. Uzito uleule, shaba ileile, ubishi zaidi ya mara mbili. Nilifikiri mpaka nikaupata ukweli, na ukweli wenyewe ni rahisi mno kiasi cha kuniudhi. Waya wa Mwanza ulikuwa mwembamba zaidi, kidogo tu, kiasi ambacho hata vidole vyangu haviwezi kukisikia. Lakini waya ukiwa mwembamba, gramu zilezile zinakupa urefu mkubwa zaidi, na urefu wote huo ni wa waya mwembamba zaidi. Unalipia huku na unalipia kule. Kwenye mota, waya wa unene wa njiti, tofauti ndogo kama ile haikusumbui. Kwenye unywele inakumaliza. Dhahabu haina tabia hiyo. Gramu ya dhahabu ni gramu ya dhahabu, uwe umeivuta kama uzi au umeifinyanga kama dengu.

Hata hivyo nikaifunga kwenye gitaa, kwa ubishi tu, nione. Sauti ilitoka nzito, nene, kama mtu anayeongea na kiazi cha moto mdomoni. Mume wangu akapiga, akainamisha kichwa, akaongeza sauti ya amplifaya. Akapiga tena, akaongeza. Mzee wa Kondoa akaja mlangoni ameziba masikio.

"Haisemi kitu," mume wangu alisema.

"Haisemi nini, ngosha, na mizani yangu imeruka mezani," mzee akamjibu.

Mimi nilijua koili ni mbaya, kwa hiyo sikushangaa mume wangu kuilalamikia. Niliitoa nikaitupa kwenye ndoo ya chakavu.

Safari ya pili sikutaka mizani ya mtu. Nilipiga misumari miwili kwenye meza yangu, mmoja kila mwisho. Nikatafuta kipande kirefu cha waya wa zamani ambacho hakikuwa na kutu, nikakinyoosha kutoka msumari hadi msumari, nikakipima kwa mita. Kisha nikanyoosha ule wa Mwanza palepale. Urefu mmoja, namba mbili tofauti, waziwazi. Kumbe hakuna haja ya jicho wala kidole. Ubishi wa waya wenyewe unakwambia unene wake, mradi urefu uwe mmoja. Nilicheka peke yangu. Nilitamani baba angekuwapo aone misumari ile.

Basi nikawa natembea Kahama nzima na mita yangu kama daktari wa mifugo. Nilipima waya wa rilei, wa kengele, wa saa ya ukutani. Nilichokitafuta nilikikuta kwa fundi magari: koili ya gari la zamani, ile ya mkebe wa bati iliyojaa mafuta. Ndani yake mna waya mwembamba umelazwa safu kwa safu, kila safu ina karatasi yake, safi kama siku ulipotoka kiwandani. Niliunyoosha kwenye misumari. Namba ikakaa palepale ilipokaa ile ya waya wa zamani. Nilimlipa fundi magari bila hata kupatana, akabaki ananitazama kama mgonjwa.

Kusuka kwenyewe nilifanya kwa kichwa cha cherehani ya mama mkwe wangu, nikageuza gurudumu lake likazungusha koili, na kikokotoo cha dukani nikakiunganisha kinihesabie kila mzunguko. Nilizima feni, maana upepo wa feni unatosha kuukata waya ule. Unaushika kati ya kidole gumba na cha shahada, huukazi wala huulegezi. Ukikaza unakatika, na hata usipokatika unavutika ukawa mwembamba zaidi, ubishi ukapanda. Ukilegeza, mizunguko inalala ovyo. Mteja akiingia nilimnyamazisha kwa nyusi.

Nilipomaliza ilikuwa saa saba mchana, bati linawaka, na mita ikasoma juu kidogo kuliko koili ya shingo. Fundi mwingine angeanza kupunguza mizunguko. Mimi niliiweka koili chini, karibu na mtungi wa maji, nikaenda zangu kupika. Shaba ikipata joto ubishi wake unapanda. Kiangazi cha Shinyanga kinapandisha kila kitu. Jioni, koili ikiwa imepoa sawa na mwenzake, nilizipima zote mbili. Zilikuwa pacha.

Mwalimu wa kwaya alikuja mwenyewe kulisikia gitaa. Mume wangu akapiga solo ya wimbo wao wa kuingilia, mwalimu akafumba macho akatikisa kichwa. "Sasa hilo ndilo gitaa tunalolijua," alisema. Mume wangu akatabasamu, akanishukuru mbele yake. "Wabeja, fundi." Akalipangusa gitaa kwa kitambaa, kila uzi, akaliweka kwenye mfuko wake, akafunga zipu, akalipandisha juu ya kabati.

Halikushuka. Siku zilizofuata nilimwona akipita chini ya kabati lile bila kuinua macho. Nilipomuuliza alisema amemwomba mpiga rithimu amshikie solo kule Mhunze.

Hapo ndipo nilipowaka. Nilimwambia namba ni ileile. Nilimwambia nimezunguka mji mzima na mita, nimenyoosha waya kwenye misumari, nimeacha mota za watu zimelala, na gitaa ni zima kuliko lilivyonunuliwa. Alinisikiliza akinitazama mdomoni, mtulivu, akasema, "Koili haina shida. Nadhani ni waya wa kuchomekea kwenye amplifaya. Umekatika ndani."

Alikuwa ananitafutia njia ya kutoka, mimi na koili yangu. Na mimi nikaona hilo halihitaji maneno. Kuna mahali kwenye mita, ukiigeuza hapo na kugusisha ncha zake mbili kwenye waya mzima, inalia. Piii, nyembamba, kama mbu mwenye hasira. Waya uliokatika hauilizi. Nikampa mita na waya wa gitaa. "Pima mwenyewe."

Akaketi kwenye benchi, akaweka ncha nyekundu mwisho mmoja na nyeusi mwisho wa pili.

Mita ikalia.

"Umeona," alisema. "Umekatika. Hailii."

Ikaendelea kulia. Akakandamiza ncha kwa nguvu zaidi, akazungusha, akapuliza vumbi, akagusisha tena. Ikalia tena, piii, bandani kote, mpaka mzee wa Kondoa akauliza ng'ambo ya ukuta ni nini kile. Na mume wangu akanyanyua uso akanitazama, ana uhakika kabisa, kama mtu anayeonyesha mita mbele ya shahidi.

"Hailii kabisa."

 Nilichukua mita mkononi mwake taratibu, nikaigusisha ncha zenyewe kwa zenyewe, nikaipeleka karibu na sikio lake. Hakutikisika. Nikaisogeza mpaka ikamgusa shavu. "Inatetemeka," alisema, kisha akaelewa ninachofanya. Akaichukua mita mkononi mwangu, akaiweka chini, akaitazama.

Alikuwa amekaa na makarasha miaka na miaka, kichwa chake na taya la mashine vikitazamana, na kinga yake kubwa ilikuwa pamba masikioni siku akikumbuka. Alikuwa anasikia ngoma. Alisikia besi, radi, lori, mota zangu, na sauti ya mtu akimtazama usoni. Vilivyo vyembamba ndivyo vilivyokuwa vimeondoka.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Sijui. Ndege ndio walianza. Asubuhi moja nikaona wamenyamaza. Nikasema ni ukame, wamehama."

Nililia, nalisema bila kuzunguka. Nililia kwa sababu ya ndege wale kuliko kwa sababu ya gitaa. Nililia pia kwa hasira, maana nimejenga maisha yangu juu ya makarasha yale na yalikuwa yanamla mtu wangu kipande kipande.

Hospitalini walimpima, wakatuambia kwa upole kilichokwisha hakirudi, kilichobaki kilindwe. Siku hizi hakaribii mashine bila vizibo vikubwa vya masikio. Nilimnunulia mimi na nimewaambia wenye karasha kwamba siku nikimkuta hajavaa sitawasukia mota tena. Wananijua. Anavaa.

Lakini Mhunze ilikuwa bado mbele yetu, na gitaa bado liko juu ya kabati. Nikakaa nikafikiri kifundi. Koili ya kwanza ilikuwa na waya mwingi mno, sauti ikawa nene. Ya pili ilikuwa sawasawa, kwa masikio ya watu wengine. Ikiwa waya mwingi unaizika sauti nyembamba, basi waya mchache utaifukua. Niliacha kutafuta namba ya kiwandani. Kiwanda hakikumjua mume wangu.

Nikavuta tena waya wa koili ya gari, nikasuka, na nikasimama mapema, mizunguko ikiwa pungufu sana kuliko kawaida. Mita ikasoma elfu nne na kidogo. Fundi yeyote wa magitaa angesema koili hii haijamalizika. Nikaifunga.

Mume wangu alilipokea gitaa kwa adabu, kama mtu anayepokea chakula asicho na hamu nacho. Akagusa uzi mwembamba kuliko wote. Spika ikatoa sauti kali, ya kung'ata, mbichi kama limao. Akaacha. Akaugusa tena, taratibu. Kisha akapanda nao juu, kidole baada ya kidole, mpaka kule mwisho wa shingo ambako nilikuwa sijamsikia akifika muda mrefu.

 Si mtu wa machozi. Alichofanya ni kupiga nyimbo zote anazozijua, za kanisani na zisizo za kanisani, mpaka ugali ukapoa na mzee wa Kondoa akahamishia kiti chake upande wetu.

Shida ikaja kwenye mazoezi. Mwalimu wa kwaya alisikiliza ubeti mmoja akainua mkono. "Baba, hilo gitaa linachoma masikio. Rudisheni ile koili ya juzi. Ile ilikuwa nzuri."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Koili ya juzi ilikuwa kwenye mkoba wangu, na bisibisi pia. Mimi si mtu wa kukaa kimya, lakini pale nilikaa, kwa sababu nililoambiwa na mume wangu kwenye benchi halikuwa langu kulisema. Nilimwona anashuka mabega. Nilimwona anaanza kuvua mkanda wa gitaa, na nikajua akiuvua pale hatauvaa tena.

Mkono wake ukaishia kwenye kifungo.

"Ile ya juzi siisikii, mwalimu," alisema.

"Tutaongeza spika."

"Hata ukiongeza. Siisikii. Makarasha yamenimalizia masikio. Hii ndiyo ninayoisikia. Mkiitaka ile, mpeni mwenzangu apige, sitanuna."

 Kisha mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, anayesaga mawe upande wa mialo ya kuoshea dhahabu, akasema bila kumtazama mtu, "Mwalimu, hata mimi wale kina mama wa sauti ya kwanza siwasikii. Huwa nautazama mdomo wako ndipo najua tumefika wapi." Mwingine nyuma yake akasema na yeye vilevile. Mwalimu akawatazama wanaume wake mmoja mmoja, wanakwaya aliowagombeza miaka yote kwa kuchelewa kuingia, kisha akamwambia mume wangu, "Piga hiyohiyo."

Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Kwenye miksa tulipunguza ule ukali uendao kwa watu, na mume wangu nikamwekea spika yake ndogo miguuni, yenye ukali wote. Watu wakasikia gitaa wanalolijua, yeye akasikia lake.

Mhunze alipiga. Mama yake alikuwa benchi la mbele na kanga mpya, na wimbo wa pili ulipoanza alisimama akacheza kwa miguu ile inayouma kila siku tukimpigia simu. Mume wangu alipanda mpaka kule juu mwisho wa shingo, akakaa huko, na mimi, ambaye nilijua hesabu ya kila mzunguko ulioko chini ya nyuzi zile, nilijivuna mno kiasi kwamba nilisahau kupiga makofi.

Wakati wa kurudi gari lilisimama Maganzo, wanakwaya wakashuka kununua vya njiani. Mimi na yeye tukakaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Alikula, akafuta mikono, akanigeukia.

"Nikuulize kitu. Ulikuwa umenikasirikia nini?"

"Lini?"

"Miaka hii. Ulianza kuongea chinichini, kama unajisemea mwenyewe. Nikasema huyu mama amechoka na mimi. Nikaona nikuache, nisikusumbue."

 Kumbe na mimi nilikuwa na hesabu zangu: nilivyokuwa namwita kutoka jikoni asiitike, nilivyokuwa namsimulia habari za mchana akageukia ukutani, na nilivyoamua moyoni kwamba mwanamume huyu amenichoka, na kwamba sitambembeleza. Miaka yote hiyo tumelala kitanda kimoja kila mtu amemsamehe mwenzake kosa ambalo halikuwapo.

Nikamshika uso kwa mikono miwili, nikamgeuza anione mdomo, nikasema kwa sauti nzito, ile ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga.

"Sijawahi kukukasirikia. Hata siku moja."

Mama wa matobolwa akaacha kuchota. Mwalimu wa kwaya, akiwa na tikiti maji kwapani, akageuka. Abiria wawili tusiowajua walitutazama dirishani.

"Nimesikia," mume wangu alisema. "Lakini rudia."

Nikarudia.